Mawaridi ya groto: mizizi mitupu au mfuko? Uchambuzi wa kisa kimoja cha Lubumbashi

Kina mama wa parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, walikuwa na groto (pango la kusalia) ya Bikira Maria iliyojengwa upya, fedha za kununua miche 24 ya waridi, na tarehe. Tarehe ndiyo iliyoleta mvutano. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni huwa 15 Agosti, na wengi katika kamati walitaka siku hiyo maandamano yapite katikati ya mawaridi yaliyochanua. Mwezi ulikuwa Juni. Mvua ilishakatika tangu Aprili, nyasi za uwanja wa kanisa zilikuwa zimekauka, na maji ya bomba yalikuja usiku tu, tena si kila usiku.

Kamati iligawanyika. Mama mweka hazina alitaka wanunue kwa wauza maua wa kando ya barabara, ambako miche hukaa katika mifuko myeusi ya plastiki na mingine tayari ina maua. Waridi unaliona, unalinusa, unalipa, unaondoka nalo. Mama mwenyekiti alikuwa na njia yake: mtoto wa dada yake huendesha lori kati ya Johannesburg na Lubumbashi, na alikuwa tayari kuwaletea miche ya mizizi mitupu kutoka kwa mkulima wa huko. Miche ya namna hiyo hung'olewa shambani ikiwa imelala, hukung'utwa udongo wote, huondolewa majani, kisha hufungwa pamoja kama tita la kuni. Hata ukijumlisha cheti cha afya ya mimea na nauli, mmoja uliwagharimu chini ya ule wa mfuko.

"Yaya, utatuletea fimbo halafu tuziite maua?" mama mweka hazina alimwuliza mwenzake mbele yetu sote. "Yaya" kwetu ni dada mkubwa.

Lilikuwa swali la haki. Mche wa mizizi mitupu hauna uzuri wa kumwonyesha mtu: matawi matatu au manne yaliyokatwa mafupi, miiba, na mizizi ya rangi ya kahawia. Aliyekusanya fedha za waumini ana sababu nzuri ya kutaka kuona anachonunua.

Niliitwa kutoa ushauri, na maoni yangu hayakubadilika tangu siku hiyo. Lubumbashi, mvua ndiyo inayoamua. Mwenye maji machache asiingize waridi ardhini kabla ya Novemba, liwe limetoka kwenye mfuko au limekuja na mizizi mitupu. Likishaingia ardhini mwezi usiofaa, bei uliyolipa na mahali ulikonunua havisaidii tena.

Kalenda yetu na kalenda yao

Mji wetu uko kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 na ushei. Mvua ni Novemba hadi Machi. Mei hadi Septemba ni ukavu, na Oktoba na Aprili ni miezi ya kupokezana. Kwa mwaka hunyesha kama milimita 1,200, karibu zote katika ile miezi mitano. Julai ndio baridi yenyewe, usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Kisha Septemba na Oktoba huja joto kali na hewa kavu, na hapo ndipo miche mipya hufia.

Katika baridi ya Julai waridi la kwetu husinzia tu. Halipukutishi majani yote, hukua polepole. Afrika Kusini baridi ni kali zaidi, waridi hulala kweli kati ya Juni na Agosti, na ndio wakati wa kuling'oa. Kwa hiyo mche wa mizizi mitupu wa kusini hutufikia Julai. Mche wenyewe uko tayari kabisa kupandwa, lakini ardhi itakayoupokea ina miezi karibu minne kabla ya kuona mvua ya kutegemewa.

Kuna wanaoletewa miche na ndugu walio Ubelgiji. Ulaya msimu wa mizizi mitupu ni Novemba hadi Machi, hivyo mche hufika wakati sisi tuko katikati ya mvua. Maji yapo, ila mche uliotoka kwenye baridi kali unaingia ghafla kwenye joto na unachipua majani kabla mizizi haijashika. Majani hayo machanga hayakauki kwa sababu ya mvua za kila siku, na ugonjwa wa madoa meusi huhitaji jani lililolowa kwa saa saba hivi tu ili uingie. Kati ya kusini na Ulaya, mimi nachagua kusini bila kusita.

Inafaa kueleza kinachoendelea ndani ya mche wenyewe, maana hapo ndipo kamati ilipoanza kuelewana. Mche unapong'olewa hupoteza sehemu kubwa ya mizizi midogo, ile laini inayonyonya maji. Hubaki na mizizi minene iliyojaa akiba ya chakula. Kwa wiki chache unaishi kwa akiba hiyo, ukiota mizizi midogo mipya, na kwa kuwa hauna majani haupotezi maji mengi. Hauhitaji maji mengi kwa mkupuo, unahitaji unyevu usiokatika hata siku moja. Mche wa mfuko ni kinyume chake. Mizizi midogo anayo yote, lakini pia ana majani na maua yanayotoa maji hewani mchana kutwa, na udongo wa kumpa maji hayo ni lita chache tu. Ukimpanda kwenye ukavu, mizizi bado imo katika zile lita chache hata kama pembeni yake kuna ardhi nzima.

Nikawaomba tupige hesabu ya maji. Waridi jipya ardhini, katika Septemba ya Lubumbashi, linataka kama lita 10 mara mbili kwa wiki. Miche 24 ni lita 480 kwa wiki, sawa na bidoni 24 za lita 20. Bomba liko nyuma ya nyumba ya padri, groto iko mwisho wa uwanja. Mbebaji ni mlinzi mmoja, mzee, mwenye kazi nyingine. Hesabu hiyo ilinyamazisha watu kuliko maneno yangu yote ya mizizi.

Mche tuliouchimbua

Mama mweka hazina alikuwa amekwisha kununua miche sita ya mifuko mwezi Mei, kwa kujaribu, na ilikuwa imepandwa upande wa kulia wa groto. Mitatu ilikuwa na majani makavu. Lawama zote zilikuwa zimemwangukia mlinzi, kwamba hamwagilii. Niliomba ruhusa tuchimbue mmoja.

Ulitoka ardhini ukiwa bado na umbo la mfuko. Mizizi ilikuwa imezunguka chini tabaka juu ya tabaka, na hakuna hata mmoja uliokuwa umevuka kuingia kwenye udongo mwekundu wa uwanja. Nikaweka kidole kwenye udongo wa ndani, ule mweusi wenye mboji na vumbi la mbao: ulikuwa mkavu, unavunjika unga. Nikaweka kidole kwenye udongo mwekundu uliokuwa umeuzunguka, sentimita mbili tu pembeni: ulikuwa na unyevu wa maji ya jana.

Mlinzi alikuwa anamwagilia. Mchanganyiko mwepesi wa mfukoni ukishakauka kabisa haupokei maji, huyasukuma, nayo hupita pembeni na kuzama kwenye udongo wa nje. Mche unakufa kwa kiu katikati ya unyevu. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele yake na mbele ya kamati, kwa sababu mtu yule alikuwa amesemwa vibaya kwa wiki kadhaa bila kosa.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kupanda, mfuko mzima uzamishwe kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe kupanda. Mfuko uchanwe uondolewe wote, maana wapo wanaouzika pamoja na mche. Mizizi iliyozunguka ikatwe kwa kisu kutoka juu kwenda chini, mahali patatu au panne, na udongo wa nje ukung'utwe kidogo ili mizizi iguse ardhi halisi. Mwezi wa kwanza maji yamwagwe shinani kabisa, si kwenye kingo za shimo. Ile mitatu iliyokuwa hai tuliitengeneza hivyo siku hiyo hiyo.

Nieleze pia namna ya kununua mche wa mfuko, kwa sababu watu wengi wa mji huu hawatapata njia nyingine. Usilipie ua. Ua linaonyesha rangi tu, na mche uliochoka huchanua vilevile. Inua mfuko utazame chini: kama mizizi imetoka kwenye matundu na kushika ardhi ya muuzaji, ukiuondoa utaikata. Tazama juu: magugu na ukungu wa kijani kwenye udongo maana yake mche umekaa humo muda mrefu mno. Shika shina karibu na udongo, ulivute taratibu. Likicheza ovyo, ni kipande cha tawi kilichochomekwa juzi. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu hata kuchana mfuko pembeni uone ndani.

Na mfuko una sifa zake ambazo sitaki kuzificha. Miche mingi ya kando ya barabara imeoteshwa kwa vipande vya matawi ya mawaridi yaliyozoea mvua zetu na mchwa wetu. Imesimama kwenye mizizi yake yenyewe, hivyo hata likikauka juu, linalochipua kutoka chini ni waridi lile lile. Unanunua mmoja mmoja kadiri ya mfuko wako wa fedha, na unaweza kupanda wakati wowote kati ya Novemba na Februari.

Kwa nini basi nilikubali lori

Sababu ya kwanza ni kuona. Mzizi mtupu hauna pa kuficha kitu. Uvimbe wa shingo, ugonjwa wa bakteria unaotoa manundu magumu mahali shina linapokutana na mizizi, unauona kwa macho. Minyoo ya mizizi, inayoacha vifundo vidogo vidogo, unaiona. Katika mfuko hivyo vyote hufunikwa na udongo mpaka vimefika kwenye bustani yako, na vikishafika havitoki. Nchi nyingi hukataza udongo kuvuka mpaka kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana tulisisitiza kwa yule kijana wa lori kwamba asipakie mche wowote bila cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya huko, akionyeshe kwa karantini ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kuna waliosema miche 18 (ile 24 ukitoa sita ya Mei) si kitu, aifiche chini ya kiti. Sikukubali. Magonjwa ya mimea husafiri hivyo hasa, na parokia isiwe mlango wake.

Sababu ya pili ilikuwa jina. Kamati ilitaka waridi jeupe kwa ajili ya Bikira Maria, yote yafanane. Kando ya barabara huwezi kupata miche 18 ya aina moja yenye jina. Kusini waliagiza Iceberg, waridi la Ujerumani lililotoka mikononi mwa familia ya Kordes mwaka 1958, jeupe, lenye maua kwa vishada, karibu halina miiba. Lipo bustani nyingi duniani na halisumbui kulipata.

Sababu ya tatu ndiyo iliyomaliza mvutano: mche wa mizizi mitupu si lazima upandwe ardhini siku unapofika. Unaweza kuutia kwenye ndoo. Ukifika Julai ukiwa umelala, unautia kwenye chombo cha lita 10 chenye udongo wako mwenyewe, unauweka karibu na bomba, unaulea mpaka Novemba, kisha unautoa ukiwa na mizizi mipya iliyozaliwa katika udongo wa Lubumbashi. Chombo kimoja hutaka lita moja na nusu kwa siku. Vyombo 18 ni lita 27, haifiki bidoni moja na nusu, hatua chache kutoka bombani. Hilo mlinzi aliweza, na alisema mwenyewe kwamba anaweza.

Ikabaki 15 Agosti. Hapo nilimpa haki mama mweka hazina: kwa siku ya sherehe, hakuna kinachoshinda mche wa mfuko wenye ua. Lakini si lazima uupande. Waliazima kwa malipo kidogo miche iliyochanua, wakaipanga kuzunguka groto ikiwa ndani ya mifuko yake iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, na baada ya sikukuu ikarudi kwa mwenyewe. Maandamano yalipita kati ya maua.

Udongo na jua

Udongo wetu mwekundu ni mchachu na maskini wa chakula, huku waridi likipenda uchachu mdogo tu, pH ya 6 hadi 6.5. Kwingine wangenunua chokaa. Sisi tuna vichuguu. Vile vikubwa vya hapa Katanga, ambavyo hufikia mita 5 kwenda juu, mchwa wamepandisha humo udongo wa mfinyanzi wenye kalsiamu nyingi, na wakulima wetu wanaujua udongo huo tangu zamani. Tulichanganya matoroli matatu ya udongo wa uwanja, moja la kichuguu na moja la samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Kichuguu kikizidi hapo udongo hugandamana kama tofali unapokauka. Samadi mbichi isiguse mzizi mtupu hata kidogo, inauunguza.

(Wenye parsele, yaani viwanja, kaskazini magharibi mwa lile bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba wawe na tahadhari nyingine kabisa. Upepo wetu mwingi unatoka kusini mashariki, na kwa miongo mingi ulipeleka moshi upande huo, kiasi kwamba ardhi ya huko ina shaba nyingi na mizizi hudumaa. Huko mashimo yajazwe udongo wa kuletwa. Groto hii haiko upande huo.)

Kuhusu jua kulikuwa na jambo ambalo kamati haikuwa imelifikiria. Groto inatazama kusini. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, hivyo mbele ya groto palikuwa na kivuli, na mtu mmoja alishauri mawaridi yahamishiwe nyuma. Lakini kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la mchana hupita kusini ya mji wetu, na mahali pale pale hupata mwanga wa kutosha. Waridi linataka jua kwa muda wa saa sita kila siku katika miezi linapokua. Kivuli cha Julai, wakati limesinzia, hakilidhuru. Tukaacha mstari ulivyochorwa.

Miche ilivyofika, na ilivyokwenda

Lori lilikaa kwenye foleni ya Kasumbalesa siku kadhaa. Mizizi ilikuwa imefungwa kwa magazeti mabichi na vumbi la mbao, juu yake plastiki, na hilo ndilo lililoiokoa: ikifungwa vizuri na kuwekwa kivulini, inaweza kukaa hata wiki nzima. Tulifungua jioni, ndani, mbali na upepo. Kila mche tuliukwaruza kwa ukucha kwenye tawi. Chini ya ganda panapaswa kuwa kijani kibichi. Pakiwa kahawia, tawi limekufa mpaka hapo. Ncha ya mzizi tuliikata kidogo: ndani iwe nyeupe. Mmoja ulikuwa na nundu shingoni, tukauchoma moto bila kujadili. Miwili ilikuwa na mizizi myeusi inayoteleza. Ikabaki 15, ikalala usiku huo ndani ya maji kwenye nusu pipa. Isipite siku moja humo, mizizi huanza kukosa hewa.

Asubuhi kina mama walipanda wenyewe kwenye ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa chini. Kwa kila mche tulifanya kilima kidogo cha udongo katikati, mizizi ikatandazwa juu yake ikielekea chini, udongo ukajazwa, maji yakamwagwa mpaka yatoke chini. Mahali palipobebeshwa, lile fundo lililovimba ambapo matawi ya waridi jeupe yameunganishwa na shina la chini la waridi jingine, palibaki juu ya udongo. Katika nchi za barafu hupazika, kwetu hakuna barafu ya kuogopa na pakizikwa huweza kuoza. Kisha matawi yalifunikwa kwa magunia yenye unyevu. Wengi hawajui hatua hii, na kwenye ukavu wetu ndiyo inayookoa: upepo wa Agosti hukausha matawi kabla mizizi haijaanza kazi. Magunia yaliondolewa macho ya matawi yalipovimba na kuwa mekundu.

Siku ya sikukuu, nyuma ya nyumba ya padri kulikuwa na ndoo 15 zenye vijiti. Manung'uniko yalikuwepo. Padri alikwenda akazibariki hizo ndoo pia, jambo lililosaidia sana.

Septemba majani yalijaa, na utitiri mwekundu ukaja na joto. Mlinzi aliuosha kwa maji chini ya majani kila asubuhi, hatukuhitaji dawa. Machipukizi ya kwanza ya maua tuliyakata yote, na hapo nilikaribia kufukuzwa. Kina mama walikuwa wameyasubiri tangu Julai. Lakini mche unaojenga mizizi ukiachwa uchanue mapema hutumia akiba yake kwa ua, na Novemba huingia ardhini ukiwa dhaifu. Mama mwenyekiti aliyakata mwenyewe, akiwa amekunja uso.

Hatukupanda kwa mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza hudanganya: hulowesha vidole viwili vya juu na kuondoka. Tulingoja mpaka beleshi lilipozama lote na kutoa udongo wenye unyevu. Mashimo yalikuwa ya sentimita 50 kila upande, nafasi sentimita 90 kati ya mche na mche. Nyasi kavu za kufunika udongo ziliwekwa, ila ziliachwa shubiri moja mbali na shina, kwa ajili ya mchwa. Mche mmoja ambao mtu aliusukumia nyasi mpaka shinani uliliwa ganda lote kabla ya Krismasi.

Tarehe 8 Desemba, Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Iceberg 14 zilikuwa na maua, si mengi, lakini meupe na ya kweli. Ya miche ya mfuko ya Mei, miwili ilikuwa hai, na mmoja wao, mwekundu, asiye na jina, ulikuwa umewapita wote kwa urefu.

Januari ilinipa jambo la kufikiri. Mvua zilipokaza, madoa meusi yalipiga Iceberg vibaya, majani ya chini yakaanguka. Yule mwekundu wa kando ya barabara aliguswa kidogo tu. Amezaliwa katika mvua hizi. Kwa hiyo nasema wazi: kama kamati ingetaka waridi tu, la rangi yoyote, nisingewasumbua na lori. Ningewaambia wangoje Novemba, wanunue miche ya mifuko iliyokaguliwa vizuri, waipande kwa mvua. Ni kwa ajili ya weupe, ya kufanana na ya jina ndipo mizizi mitupu ilistahili taabu yake.

Kwa sasa kazi ni mbili. Mlinzi ameonyeshwa machipukizi yanayotoka chini ya fundo: hayo ni ya shina la chini, hukua kwa nguvu na yanavutia macho, lakini yakiachwa yatalimeza waridi jeupe. Yanang'olewa kwa kuvutwa hadi yalikoanzia, hayakatwi kwa mkasi. Na nafasi nane zilizo wazi kwenye mstari hazitajazwa kutoka kusini. Februari hii, mvua ikiwa bado ipo, tutakata vipande vya yule mwekundu, vya urefu wa kalamu, kutoka matawi yaliyokwisha kuchanua, na mama mweka hazina amesema ataviotesha nyumbani kwake.